Kulima sawa Zambia ao sawa kwetu: nani udongo yake inatoa gazi mingi, na shiye tuchague nini?

Bandugu, acha niandike hii mambo yote mara moja, juu tangu mwezi ya 7 kila siku ya yenga tukikutana tunarudia paka mabishano ile ile, na mvua iko inakaribia. Tuko bantu 5, tuna hektari 6 kwa barabara ya Kasenga, hapa Lubumbashi, Congo, 2 ni shamba ya zamani yenye ililala miaka kidogo, 4 ingine bado pori, miti imesimama. Kisha yaya yetu mukubwa akasoma fasi fulani kama udongo ya mashamba ya Zambia inatoa gazi ya kuchemusha dunia mingi kuliko ya Congo ukihesabu kwa hektari, akatuambia: "Munaona? Shiye tuko basafi. Tusifuate Bazambia na mbolea yabo, tufyeke ile hektari 4, tulime sawa bankambo balikuwa banalima." Na munajua, yaya akishasema kitu, kumupinga mbele ya bantu ni haya, njo maana naandika.

Sisemi amedanganya. Alisoma sawa. Ila alisoma mustari moja ya hesabu, mustari ingine iko kwa ukurasa ingine, na ile ya pili njo nzito.

Kwanza hii gazi ya udongo inatoka wapi, juu wengine bananiuliza kama ni moshi. Si moshi. Ukiweka urea kwa shamba, mahindi inakunywa sehemu, mvua inabeba sehemu, na sehemu ingine badudu badogo sana benye kukaa mu udongo banaila, bakishaila banaachilia hewani protoksidi ya azoti, ile banaandikaka N2O. Haina rangi, hauioni, hausikii harufu. Lakini kilo moja yake inachemusha dunia sawa kilo 273 ya CO2 ukihesabu kwa miaka 100, na inakaa hewani zaidi ya miaka 100. Tena urea yenyewe ina CO2 ndani, ikiyeyuka mu udongo ile CO2 inatoka: kila mufuko ya kilo 50 inaachilia kama kilo 37. Chokaa pia inatoa. Na mavi na mukojo ya ngombe yenye kubakia kwa majani, hesabu ya kimataifa inaiweka vilevile kwa kisanduku ya udongo ya mashamba, si kwa kisanduku ya ngombe.

Sasa weka inchi mbili pembeni-pembeni.

Zambia serikali inasaidia bakulima badogo na mbolea ya bei ndogo tangu 2002, programu ilibadilishwa jina 2009 na mpaka leo iko. Mukulima wa kule utamukuta anajua kwa kichwa: mifuko 4 ya D na mifuko 4 ya urea kwa hektari, D ni ile 10-20-10 yetu, shiye tunaita NPK. Ukichukua inchi nzima mbolea yabo inafika makumi ya kilo kwa hektari. Kwetu Congo ni kilo chache tu, mukulima mingi wa Katanga anaweza kulima maisha yake yote bila kufungua mufuko moja. Ngombe pia, Zambia iko nayo mamilioni kadhaa, Congo ni kubwa mara 3 kuliko Zambia lakini ngombe yetu ni kidogo kuliko yabo. Kwa hiyo kwa kisanduku ya udongo, kwa hektari, ndiyo, Zambia inatupita mbali. Yaya ana haki.

Kuna kitu moja ya pembeni hapa, nayo ni Cuvette centrale, ile matope ya mboji kule upande ya Équateur, kaskazini-magharibi ya Congo yetu. 2017 banasayansi bakasema inafika karibu kilomita 145,500 za mraba kwa Congo mbili, na ndani kuna karboni karibu tani bilioni 30. Siku moja ikikaushwa ili kupanda michikichi ao mupunga, usafi ya udongo yetu kwa makaratasi utakwisha mara moja, juu udongo ya vile ikikaushwa inatoa CO2 na N2O kila mwaka hata bila mbolea. Lakini ile iko mbali na Lubumbashi, turudi kwa barabara ya Kasenga.

Kuhesabu kwa hektari ni kuhesabu vibaya kama unataka kuchagua namna ya kulima. Hatukule hektari, tunakula bukari. Hesabu kwa mufuko.

Chukua hektari moja ya style ya Zambia kamili, 4 na 4. D inaleta kilo 20 ya azoti (ile chakula ya mahindi yenye iko ndani ya mbolea), urea inaleta 92 (urea ni 46 kwa 100), jumla 112. Kanuni ya zamani ya kimataifa ilisema 1 kwa 100 ya azoti inageuka N2O. 2019 bakairekebisha: fasi yenye mvua inapita milimita 1,000 kwa mwaka, mbolea ya duka inahesabiwa 1.6 kwa 100, fasi ya kukauka 0.5 tu. Hapo kuna kichekesho: mufuko ile ile ya urea, ikimwagwa Ndola inahesabiwa mara 3 kuliko ikimwagwa Livingstone, juu Ndola mvua ni mingi na kule kusini ni kidogo. Na shiye Lubumbashi na mvua yetu ya kama milimita 1,200 tuko upande ya Ndola. Kwa hiyo mutu akikuletea namba ya "Zambia" muulize kwanza Zambia gani, inchi si shamba moja. Na kwa sehemu kubwa izi ni namba za kuazima, kanuni ya dunia nzima, haina mutu aliyekaa na kifaa juu ya shamba ya kila mukulima kupima.

Basi 112 mara 1.6 kwa 100, ukigeuza inakuwa karibu kilo 2.8 ya N2O, ni sawa kilo 770 ya CO2. Ongeza CO2 ya urea yenyewe, 147. Ongeza ile azoti yenye inapotea na maji ao inaruka hewani na kurudi kuwa N2O fasi ingine, unafika tani 1.1 kwa hektari. Inaonekana mingi, eeh. Lakini Zambia mukulima mudogo anavuna kwa kadiri tani 2 kwa hektari, ni mifuko 80 ya kilo 25 ya mahindi. Gawanya: kilo 14 ya CO2 kwa mufuko. Akilima muzuri afike tani 4 inashuka kilo 7, juu mbolea ni ile ile, mavuno njo imeongezeka.

Kwetu bila mbolea, kadiri ya Congo ni kama kilo 800 kwa hektari, mifuko 32. Gazi ya udongo? Karibu sufuri, kidogo inatoka kwa majani na mizizi yenye kuoza, tuseme kilo 1 kwa mufuko. Tumeshinda! Yaya angekuwa hapa angepiga makofi.

Hapo njo ile ukurasa ingine inaingia. Miti. Ukifyeka miombo, ile miti ya pori yetu, na kuchoma, ile CO2 haiandikwi kwa "udongo ya mashamba", inaandikwa kwa "mabadiliko ya ardhi na misitu", kisanduku ingine kabisa. Njo pale gazi ya Congo iko, sehemu kubwa sana ya gazi yote ya inchi yetu. Kwa miombo ya Copperbelt, jimbo ya Zambia yenye kupakana na shiye, yenye haijaguswa, banasayansi balipima karibu tani 40 ya karboni kwa hektari, miti yenye iko juu ya udongo tu, bila mizizi. Pori yetu ni ndugu yake, ni miombo ile ile, mupaka balichora bazungu. Tani 40 ya karboni ukigeuza ni karibu tani 147 ya CO2. Tuigawe kwa miaka 20, ni tani 7 na zaidi kila mwaka kwa hektari moja. Yenye inavuna mifuko 32.

Ukipanga yote pamoja, kwa mufuko moja ya kilo 25:

Shamba ya zamani bila mbolea, kilo 1 hivi.
Shamba ya zamani na mbolea kamili, kilo 14.
Pori mupya na mbolea kamili, kama kilo 105.
Pori mupya bila mbolea, kama kilo 230.

Nimerudia hii hesabu mara 3 juu nilifikiri nimekosea sufuri fasi fulani. Sikukosea. Shoka ni nzito kuliko urea, si kwa kidogo.

Najua mutanipinga na mutakuwa na haki kwa sehemu. Mama mumoja wa kikundi alishaniambia: "Ile miti hata tusipofyeka shiye, bantu ba makala batafyeka." Ni kweli, barabara ya Kasenga munaijua, bantu ba kinga (baiskeli) na mifuko ya makala mirefu sawa mutu, hii muji mzima inapika na makala. Basi sawa, gawa kosa mbili, nusu tuwekee makala, nusu tuwekee shamba: bado 115 kwa mufuko, mara 8 ya urea. Na tena miombo inajua kurudi, ukiiacha visiki inachipuka, miaka kama 20 karboni ya juu inakaribia kurudi. Lakini nani kati yetu ataacha shamba miaka 20? Bankambo balikuwa banaacha, balikuwa kidogo na pori ilikuwa kubwa. Shiye tuna hektari 6 na watoto.

Na musifikiri Zambia ni mifano ya malaika. Mbolea ya bei ndogo ya zaidi ya miaka 20 haikuzuia shoka kule, bado banafyeka, banachoma makala, na tani 2 kwa hektari na mifuko 8 ya mbolea ni mavuno ya aibu kidogo, mbolea mingi inapotea. Udongo yabo sawa yetu ni nyekundu na ya uchachu, azoti unaweka lakini mizizi haiwezi kukunywa muzuri kama hakuna chokaa. Na 2024 tuliona wote: mvua ilikatika, tarehe 29 mwezi ya 2 serikali yabo ikatangaza ukame ni musiba ya inchi, na huku Lubumbashi bunga ikawa zahabu. Angalia ile mwaka kwa hesabu ya mufuko: mukulima alishaweka D na urea, mahindi ikakauka, akavuna mifuko 15 badala ya 80, gazi ya ile mbolea njo inagawiwa na 15. Na azoti yenye mahindi haikukunywa inabakia mu udongo kungojea mvua ya mwaka ingine. Style ya Zambia inategemea mvua, tusijidanganye.

Nizungumuze kidogo juu ya mvua ya kwanza, juu hapa njo miye mwenyewe nilikosea. Mwaka yangu ya kwanza nilikuwa na haraka, nikamwaga urea saa 6 ya mchana, udongo kavu, mvua ilikuwa imenyesha mara moja tu. Kesho yake ile harufu ya kuchoma pua, sawa mukojo ya zamani, ilikuwa inapanda toka shamba. Ni amonia, ni feza yangu ilikuwa inaruka. Majani ya mahindi ikabakia njano na miye nikamushuku muuzaji. Baadaye tu nikaelewa. Udongo yenye ilikauka miezi 6 ikipata mvua ya kwanza inaamuka kwa nguvu, badudu banafanya karamu, CO2 inatoka mingi na azoti ya zamani inafunguka, mwanasayansi Birch alieleza ile kwa Kenya tangu 1958 na mpaka leo banaiita kwa jina yake. Kwa ile siku udongo ina azoti yake mwenyewe na mahindi haina hata mizizi ya kukunywa, kuongeza mbolea ni kulisha badudu na hewa. Ngojea mahindi ifike kwa goti, chimba kashimo, weka, funika. Urea yenye imefunikwa muzuri hairuki sana.

Basi kuchagua. Kama weye una pori tu na hauna shamba ya zamani, sitakudanganya, utafyeka, mutu anakula, lakini fyeka kidogo na uibakishe kwa kazi kila mwaka na mbolea, kuliko kufyeka kubwa na kuhama. Kama una dembo, ile bustani ya lengalenga na matembele pembeni ya maji, hesabu inabadilika: pale udongo iko imelowa kila wakati, na mavi ya kuku tunayomwaga bila kupima iko na azoti mingi, ni fasi ya N2O kweli kweli. Kule punguza mbolea, yoyote, hata ya asili. Bantu banafikiri mavi ya kuku haina gazi juu haitoki kwa kiwanda. Iko nayo, kanuni inaihesabia 0.6 kwa 100 fasi ya mvua, ni kidogo kuliko urea lakini si sufuri, na kwa bustani tunaweka kwa beseni.

Kama uko sawa shiye, na hektari 2 ya zamani na 4 ya pori, maoni yangu ni: tuache ile 4 isimame, tulime ile 2 ya zamani, na tuweke nusu ya dozi ya Zambia. Mifuko 2 ya NPK na 2 ya urea kwa hektari. Gazi inashuka karibu nusu, kilo 560 hivi, na tukitoa hata tani 1.6 tu ni mifuko 64 kwa hektari, karibu kilo 9 kwa mufuko. Hektari 2 inatupa mifuko 128. Zile 4 za pori bila mbolea, kwa kadiri ya Congo, zingetupa vilevile 128. Ile ile mifuko! Na jembe nusu, na palizi nusu, muulizeni mama yeyote wa kikundi palizi ya hektari 4 ni nini.

Kati ya mahindi tuweke karanga ao soya kwa kubadilishana mwaka kwa mwaka, zile zinajitengenezea azoti, na kanuni ya 2006 iliacha kuhesabu gazi ya azoti yenye mizizi yabo inakamata, juu haikuonekana kuwa kitu. Kwa uchachu tuna kitu yetu, vichuguu. Udongo ya kichuguu kikubwa ni ya uchachu kidogo kuliko ya shamba na iko na kalisiamu zaidi, na barabara yote ya Kasenga imejaa nayo, mingine inapita urefu ya nyumba. Kwa shamba yetu iko 3. Kubomoa na kutandaza ni kazi ya punda, nakubali, lakini chokaa ya Zambia inalipiwa kwa dola na lori toka Kasumbalesa.

Yaya aliuliza nani atalipa ile mifuko 8 ya hektari 2, swali ya muzuri. Nilipiga hesabu: kufyeka na kungoa visiki hektari 4 tungelipa vijana, na ile feza iko kwa karatasi ya mwezi ya 7, aliandika yeye mwenyewe. Tuipeleke kwa mbolea. Ikibaki kidogo tununue mbegu ya soya.

Miye nimeshatayarisha kamba, mita 50, nimefunga fundo kila sentimita 50, kati ya mustari na mustari itakuwa sentimita 75, mbegu 2 kwa shimo. Kwa urea tutatumia kifuniko ya chupa ya limonadi, kimoja kisichojaa kwa kila shimo, nilipima kwa mizani ya muuza dagaa pale soko na akanicheka: karibu gramu 4. Mwenye ana vifuniko nyumbani alete siku ya yenga, tunaitaji paka 10.